Mota Haiondoki Picha ya Ndege: Maisha ya Bernard Kashinje

Baba Paroko, viongozi wa kijiji na wa mtaa, wakwe zetu kutoka Same, wafugaji wa Kibaha, wakulima wenzake wa hapa Kibuta, ndugu na majirani. Mimi ni Peter, mdogo wa marehemu, tumefuatana ziwa. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na nne, na kwa sababu ya sauti hii nimesomeshwa wasifu wa watu wengi makaburini. Mara nyingi nilisoma huku nikijua kwamba matanga yakianuliwa tu, ndugu watashikana mashati kwa ajili ya mali. Leo sisomi hivyo. Nilitoka Shinyanga na mzigo, nimeshautua, na tukifika mahali pake nitawaambia niliutua vipi.

Bernard Kashinje alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1959 katika kijiji cha Mwamalili, Shinyanga, mtoto wa kwanza kati ya sita wa marehemu mzee Kashinje Masanja na mama yetu Eugenia. Zizi letu lilikuwa na ng'ombe wa baba, ng'ombe wa bibi, na ng'ombe wa jirani aliyewaleta kwetu tuwatunze na kunywa maziwa. Wote walichungwa pamoja. Siku moja Bernard, akiwa na miaka tisa hivi, alimuuliza baba kwamba yeye baba akifa, watu watajuaje ng'ombe yupi ni wa nani. Baba alimwangalia sana, kisha akamwambia akachunge. Swali lile hakujibiwa, na nadhani alilibeba mpaka uzeeni.

Alisoma Shule ya Msingi Mwamalili kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari mjini Shinyanga hadi 1977. Baadaye alijiunga na Chuo cha Mifugo Mpwapwa, akahitimu mwaka 1982. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu anachelewesha wenzake kwa maswali. Mama aliitunza ripoti ile, na ipo hadi leo.

Januari 1983 aliajiriwa serikalini kama msaidizi wa mifugo, akapangiwa Kisarawe, hapa hapa Kibuta. Alizunguka kwa baiskeli akichanja kuku na kutibu mbuzi, na wazee wa hapa walimpa kipande cha shamba hili tulimosimama baada ya kuokoa mbuzi wao mwaka wa homa. Mwaka 1997 alipunguzwa kazini. Alihamia Mkuza, Kibaha, akafungua duka la dawa na chakula cha mifugo pale Picha ya Ndege, likiwa limesajiliwa kwa jina lake peke yake.

Alilipenda lile duka. Aliamua mwenyewe, alifunga alipotaka, na faida ikipatikana hakuna wa kumuuliza. Lakini kideri kilipoua kuku wa wateja wake, na waliokopa wakashindwa kulipa, muuzaji wa mashudu aliyekuwa akimdai alifika hadi nyumbani akaondoka na kabati la vyombo. Bernard hakumlaumu. Alisema sheria haioni ukuta kati ya duka la mtu mmoja na chumba chake cha kulala. Shemeji Rahabu, mkewe, ndiye aliyelaumu, maana kabati lilikuwa la kwao, alilopewa na wazazi wake alipoolewa.

Mwaka 2003 aliingia ubia na rafiki yake Onesmo, marehemu sasa, fundi wa umeme. Bernard alinunua kinu cha kusagia, Onesmo akaleta mota. Walipeana mikono, wakaandika karatasi moja ya daftari kwamba kila mmoja ana nusu, wakaanza kusaga mahindi, dagaa na mashudu na kuchanganya chakula cha kuku. Kwa miaka sita hawakukosana hata mara moja. Watu walidhani ni ndugu wa tumbo moja.

Aprili 2009 Onesmo alifariki. Karatasi ile ya daftari haikusema mmoja akifa itakuwaje, na ubia wa namna hiyo mbia akifa nao unavunjika. Siku ya nne baada ya mazishi ndugu zake walikuja na lori. Hawakuwa watu wabaya, nataka hilo lisikike. Waliambiwa marehemu ana nusu ya mashine, nao wakaja kuchukua nusu ya mashine. Walifungua nati, wakakata mkanda, wakapakia mota, wakaaga vizuri, wakaondoka. Laurensia, mjane wa Onesmo, alisimama mlangoni na hakuna aliyemuuliza neno.

Kwa miaka mitatu mota ilikaa stoo kwa hao ndugu ikiwa imefunikwa turubai, na kinu kikakaa Picha ya Ndege kikishika kutu. Kuku wa jirani walitagia ndani yake. Bernard aliyahesabu mayai yale mpaka akachoka, akasema hicho ndicho kinu pekee Tanzania kilichopokea kuku kabla ya chakula chao. Alicheka, lakini mke wa Onesmo alikuwa akiuza maandazi ili watoto wasome, naye Bernard kila akipita pale alikuwa akitazama pembeni. Aliniambia hilo mwaka 2011 na akalia mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu tukiwa watoto.

Ndipo akaanza tena kuuliza. Alikwenda kwa wakili, kwa ofisa biashara, kwa mtu yeyote mwenye faili. Alirudi na maswali matatu ambayo wengi wenu mmewahi kuulizwa mkienda kununua pumba tu: nani anaamua, deni linamfuata nani, na ukifa nani anabaki. Aliwaambia watu kwamba kila namna ya kumiliki biashara inajibu maswali hayo kivyake, na kwamba mtu asichague kwa kufuata jirani.

Mwaka 2012 aliwafuata ndugu wa Onesmo kwa heshima, mara nne. Mara ya nne wakakubali mota iwe ya Laurensia. Tarehe 17 Agosti mwaka huo ilisajiliwa kampuni iitwayo Mkanda Mmoja. Laurensia aliingia na mota akapewa hisa thelathini na tano kati ya mia, Bernard na kinu chake na kiwanja akachukua arobaini na tano, na ishirini zilizobaki akapewa Rahabu, ambaye ndiye aliyeuza ng'ombe wake wawili kununua mkanda mpya na paa.

Na kampuni ina taabu zake, hakuficha. Kuna taarifa za kila mwaka, kuna mihtasari ya vikao, kuna mkaguzi wa kumlipa. Kikao cha kwanza kizito kilihusu gari. Bernard alitaka pikapu, Laurensia na Rahabu wakataka mashine ya pili ya kuchanganyia. Zikapigwa kura, hamsini na tano kwa arobaini na tano, akashindwa na mkewe mwenyewe. Siku ile alikula ugali wake akaumaliza. Alipomaliza kunawa mikono alisema, "Kikao kimeamua," na pikapu haikutajwa tena nyumbani mule.

Wala hakuwa mtu wa kumshurutisha kila mmoja afungue kampuni. Rahabu ana cherehani zake pale Mkuza, na hadi leo ni za kwake peke yake kwa jina lake. Bernard alipomgusia habari ya hisa alijibiwa hivi: "Nikiamka kichwa kinauma nafunga, siiti kikao." Bernard alikubali kwamba hilo ni jibu la kisheria kabisa. Na wakulima wa mihogo na mahindi wa hapa Kibuta walipomwita mwaka 2015 awasaidie kuanzisha kampuni, aliwakatalia. Aliwaambia wao wanatafuta sauti moja mbele ya mnunuzi, basi waanzishe ushirika, mwenye gunia moja apige kura sawa na mwenye magunia hamsini. Walifanya hivyo, naye akawa mwanachama wa kumi na mbili. Akipiga kura hapa alikuwa mtu mmoja tu, na naambiwa alishindwa hapa pia.

Tarehe 3 Septemba 1988 Bernard alifunga ndoa na Rahabu, binti wa Same, katika kanisa la hapa Kisarawe. Walikutana kwa sababu ya kuku aliyekuwa akizubaa, wa mama mwenye nyumba aliyopanga Rahabu. Bernard alimtibu kuku yule siku tano mfululizo, na Rahabu anasema kuku alipona siku ya kwanza. Walijaliwa watoto wanne: Devotha, Evance, Loyce na Adam.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na shinikizo la damu lililokuwa limekwisha kuathiri figo. Kuanzia Novemba 2024 alikuwa akisafishwa damu Dar es Salaam mara tatu kwa wiki. Siku za Jumanne na Alhamisi alipokuwa na nguvu alikaa kwenye kiti mlangoni mwa kiwanda akisikiliza mashine, na aliweza kujua kwa mlio tu kwamba nyundo za kusagia ndani ya kinu zimelika. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali ya mkoa pale Tumbi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Loyce. Wauguzi walimtunza vyema, nasi tunawashukuru.

Sasa nifike kwenye mzigo wangu. Habari zilipofika Mwamalili, wazee wa ukoo walikaa. Walikumbuka kwamba Bernard ni mtoto wa kwanza, kwamba ana kiwanda, kwamba mama yu hai. Waliandika barua, nikapewa mimi kwa kuwa najua kusoma mbele za watu. Barua ilisema mali ya mtoto wetu irudi nyumbani igawanywe, na kwamba nisirudi bila mota. Ndugu zangu, waliitaja mota hiyo hiyo. Niliiweka barua mfuko wa ndani wa koti, na kutoka Shinyanga hadi Kibaha sikulala wala sikula. Nilijua wazee wana uchungu wao wa haki. Nilijua pia nikiitoa, nitakuwa nimefanya yale ya lori, na safari hii anayesimama mlangoni atakuwa shemeji yangu.

Alhamisi mchana, pale sebuleni Mkuza, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Laurensia aliingia na faili la plastiki, akaketi karibu na Rahabu. Rahabu akanitazama akaniambia, "Shemeji, kama umekuja na barua, itoe tu. Kaka yako aliniambia utakuja nayo na utaona aibu."

Niliitoa. Akaisoma yote, akaikunja, akaiweka mezani bila hasira. Kisha Laurensia akafungua faili. Palikuwa na cheti cha usajili, katiba ya kampuni na daftari la wanahisa. Akanionyesha kwa kidole kwamba kinu si cha Bernard, mota si ya Bernard, kiwanja si cha Bernard. Vyote ni vya Mkanda Mmoja, na Mkanda Mmoja haijafa. Kilichokuwa cha Bernard ni hisa arobaini na tano, na warithi wanagawana hisa, hawafungui nati. Chini kabisa palikuwa na nakala ya wasia, ambao utapita mahakamani kama sheria inavyotaka, na bahasha yenye jina langu. Ndani yake mlikuwa na mistari miwili kwa mwandiko wake: "Peter, hisa kumi ni za mama, awe na cha kupokea kila mwaka na wazee waone nyumbani hakukusahaulika. Mota usiiguse."

Sikuona aibu kulia mbele ya shemeji zangu. Nililia kwa kufiwa na kaka, na nililia kwa kupona. Nilimpigia simu baba mdogo Kulwa, mkubwa wa ukoo, nikamsomea mistari ile mara mbili. Kisha akaniuliza kama kampuni ikikaa kikao, mama naye atapiga kura. Nikamjibu kwamba hisa zikishaandikwa kwa jina lake, atapiga. Akasema basi wamtafutie nauli.

Marehemu ameacha mama, Eugenia, mjane, Rahabu, watoto wanne, Devotha, Evance, Loyce na Adam, wajukuu saba, wadogo watano, nikiwamo mimi, na dada wa hiari, Laurensia. Ameacha pia Mkanda Mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na miezi kumi, ambaye sheria inamhesabu kuwa mtu. Leo hayupo hapa kwa kuwa wanahisa waliobaki wameamua afungwe kwa heshima ya marehemu hadi Jumatatu. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi Laurensia atawasha mota, na Rahabu atamwaga gunia la kwanza.

Baba hakukujibu, kaka, ukajijibu mwenyewe. Lala kwa amani hapa Kibuta. Nami narudi nyumbani mikono mitupu, na nitapokelewa.