Benchi Lililotoka Ziwani

Jumatano ya kwanza ya mvua, mwaka vita viliposhuka kutoka milimani hadi hapa Minago, nilimpoteza mume wangu. Sikupata mwili. Sikupata hata shati.

Amahoro, ndugu zangu. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, na shule niliishia ya msingi, mtanivumilia. Kikundi chetu cha wajane kimeniomba niseme, nami nimekubali kwa ajili ya mzee mmoja. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe alikataa litajwe humu kanisani.

Mume wangu alivua ndagala, wale samaki wadogo, katika mitumbwi ya mzee huyo. Mnajua kazi ile: mitumbwi miwili inafungwa pamoja kwa miti, wavu unashuka katikati, na kila mvutaji ana mahali pake pa kusimama. Siku ile mtumbwi mmoja, ule aliouzoea mume wangu, ulikuwa umefunguliwa na kuvutwa mchangani ili uzibwe nyufa. Risasi zilipoanza, sisi wanawake na watoto tulikimbilia kwenye michikichi. Wanaume waliruka katika mtumbwi uliokuwa majini, wavuke kwenda Kongo. Mume wangu alikuwa humo. Kijana wa mzee, mwanawe wa pekee, alikuwa humo. Mtumbwi haukufika ng'ambo.

Tuliporudi, kanisa lilikuwa kuta tu. Mabati yameng'olewa, mabenchi yamefanywa kuni. Tukaomba tumekaa chini kwenye matope. Mimi nikaacha kwenda. Wakwe zangu waliniuliza, "Tutagandukia wapi? Kilio tutakimaliza kwenye kaburi gani?" Ndugu zangu, nawaambia, kilio kisicho na mwisho kinamfunga mtu mikono. Mihogo yangu iliozea ardhini nikiiangalia.

Ndipo tukasikia msumeno ufukweni. Mzee alikuwa anapasua ule mtumbwi uliobaki. Watu wakamzunguka.

"Mzee, akili iko sawa? Sisi tunatafuta chombo cha kukimbilia, wewe unapasua!"

"Natengeneza mabenchi ya kanisa."

"Kanisa lenyewe halina bati! Mvua ndiyo itakuwa ya kwanza kuyakalia."

Wakacheka. Mzee hakuinua kichwa.

"Mukimbie, watoto wangu," akasema. "Mukirudi, mutahitaji pa kukaa."

Mabati nayo aliyapata kwa mawese ya shamba lake lote. Hayo yanayotukinga sasa hivi ndiyo. Mlango ule ni mtumbwi. Meza ya Bwana ni mtumbwi. Mkikaribia mtasikia bado inanuka samaki kidogo, na mimi sioni aibu.

Siku mabenchi yalipoingizwa, jirani yangu alinivuta mkono. "Twende uangalie tu. Hakuna atakayekuombesha kwa nguvu." Mzee alikuwa mlangoni. Alinionyesha benchi la ukutani.

"Mama, wewe kaa pale mwisho."

Nikakaa. Ubao ulikuwa laini, umepigwa randa vizuri. Lakini pale mwisho mkono wangu ukaingia kwenye mifereji, ile ambayo kamba ya wavu inachimba ukingoni mwa mtumbwi kwa miaka. Mifereji ya wavutaji wote huwa imelala upande mmoja. Hii ililala upande mwingine. Katika wavutaji wote wa mzee, aliyevuta kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Ibada iliisha, watu wakatoka, mimi niko pale, vidole vyangu viko mle kamba yake ilimopita. Mzee akaja akakaa karibu.

"Fundi alitaka kupapiga randa," akasema. "Nikamwambia hapana, hapo pana mtu."

Nikamuuliza, "Na mahali pa kijana wako, baba?"

Aliangalia meza ya Bwana.

Wakwe zangu walikuja. Waliweka mikono juu ya ubao ule mmoja mmoja, tukaganduka, kilio kikaisha. Msimu uliofuata nikapanda mihogo.

Murakoze, asante, jirani yangu uliyenivuta mkono. Murakoze, wakwe zangu, mliokubali ubao badala ya kaburi. Vita bado viko, na barabara ya Bujumbura hatuijui kesho. Nilichojifunza ni kidogo: aliyefiwa mtafutie pa kukaa, maneno yatakuja baadaye.

Juma lililopita tulimzika mzee. Walipoleta jeneza humu ndani, mabenchi mengine yalikuwa yamejaa watu, hapakuwa na kitu cha kuliwekea, nikawaambia walete benchi langu. Ibada yote nilisimama. Tuliporudi kutoka makaburini nililirudisha ukutani, nikapanguza vumbi, nikakaa.