Cheti cha Kilo Kumi na Mbili

Mheshimiwa Mganga Mkuu na wote mlioketi naye meza ya mbele, Metroni wetu, Ndugu Afisa Lishe, madaktari, wauguzi, wahudumu wenzangu wa wodi, ninyi wa jikoni na ninyi wa kufulia, wageni wetu mliowahi kulazwa humu mkatoka kwa miguu yenu au kwa kusukumwa, na wewe Bi Upawa, mpishi wetu unayestaafu leo, uliyeombwa ukae na mpaka sasa hujakaa: namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima.

Nimepewa dakika kumi. Shule yangu ni ndogo, na kazi yangu kwa miaka kumi na tisa ni kugeuza wagonjwa wasioweza kujigeuza wenyewe. Kwa hiyo nitasema ninachokijua, nikae.

Hiki nilichoshika ni cheti. Kimeandikwa, "Mshindi wa Kwanza, Shindano la Wafanyakazi la Kupunguza Uzito." Nilikabidhiwa humu humu, miaka mitatu iliyopita, na wengi mliopiga makofi siku ile mmo. Niliingia kwenye mizani na kilo tisini na mbili, wiki kumi baadaye nikatoka na themanini. Naomba niwaeleze kilo zile kumi na mbili zilikuwa za nini hasa, kwa sababu nimesikia shindano linarudi mwezi ujao.

Nilifanyaje? Asubuhi chai ya rangi bila kitu. Mchana bakuli la supu ya kabichi. Jioni tunda moja, na kabla ya kulala namwomba Mungu anisahaulishe njaa. Niliita funga. Lakini ndugu zangu, mtu anayefunga anajua anafunga kwa ajili ya nani, na mimi kila nilipoamka sikuanza na sala, nilianza na mizani. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka, maana watu walikuwa wananisifu. Magauni yalilegea, nikayapeleka kwa fundi, fundi akasema, "Shangazi, ukiendelea hivi nitakushonea mikono ya gauni peke yake." Nikacheka nikaongeza wiki nyingine ya kabichi.

Mtu mmoja tu hakunisifu. Bi Upawa alinitazama kwenye dirisha la jikoni nilipokwenda kuchukua supu yangu, akauliza, "Mdogo wangu, umepungua nini?"

Nikamwambia, "Kilo kumi na mbili, dada."

"Kilo nimesikia. Nakuuliza, umepungua nini?"

Nikamwona ana wivu. Mungu anisamehe.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, mimi na mwenzangu, huyu tunayemwita Pacha kwa sababu tumegeuza wagonjwa pamoja tangu tulipoajiriwa, tulikuwa kitanda cha sita. Aliyelala pale alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa mwili, upande mmoja umelala kwa kiharusi lakini ulimi mzima kabisa. Kazi yetu mnaijua: Pacha upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, kila mmoja anakamata shuka kwa mikono miwili, tunahesabu, tunainua. Tulihesabu. Tukainua. Upande wa Pacha ukapanda, upande wangu haukupanda. Vidole vyangu vilifunguka vyenyewe, naviona, navikataza, vinafunguka. Mwalimu akateleza hadi ukingoni, bega likagonga chuma cha kitanda.

Pacha akaruka juu ya kitanda akamdaka. Mwalimu alipopata pumzi alisema, "Mabinti, uzito wangu mnaugawa kwa mbili kila siku. Leo mmoja wenu kasahau kugawanya."

Pacha hakucheka. Tulipotoka koridoni aliniambia, "Wewe siku hizi umekuwa henga ya nguo. Nitakufa na wewe hapa."

Mwalimu yuko pale karibu na dirisha, kwenye kiti chake cha magurudumu, na naona anatikisa kichwa. Mwalimu, siku ile sikukuomba radhi, nilikimbilia maliwatoni kulia. Leo nakuomba mbele ya watu.

Metroni alifanya haki. Aliniita ofisini akasema, "Nakupa miezi mitatu. Usipoweza kushika upande wako, nakuhamishia mapokezi." Mapokezi ni kazi ya heshima, wenzangu wa mapokezi msinielewe vibaya. Lakini mimi nimejua kuwahudumia watu kwa mikono hii, na hiyo ndiyo ibada yangu nyingine. Ukiniondoa kitandani kwa mgonjwa unanibakishia nini?

Nikarudi kwenye dirisha la jikoni. Safari hii sikuomba supu.

Bi Upawa tulimpa jina hilo kwa sababu upawa wake hauna upendeleo, wa kwanza kwenye foleni na wa mwisho wanapata sawa. Hakunihubiria. Alinivuta hadi kwenye ukuta wa jikoni, ambako Ndugu Afisa Lishe alibandika karatasi miaka mingi iliyopita, ile tuliyokuwa tunaipita kama kalenda ya mwaka jana. Yeye aliisoma. Akaniambia mwili ukinyimwa chakula ghafla hauli mafuta peke yake, unakula na misuli pia, hasa ukikosa chakula cha kujenga na mikono ikiwa haipewi kazi ya kutosha. Akapanga sahani yangu: mayai mawili asubuhi; mchana samaki au kuku, au maharage yaliyojaa upawa; jioni hivyo hivyo kwa kiasi, na mtindi. Mboga nusu ya sahani. Wali ukubwa wa ngumi yangu, nisiuondoe. Sukari na vya kukaanga viende likizo. Kisha akanionyesha sufuria kubwa la maharage, lile la masikio mawili linalobebwa na watu wawili. "Kila siku ya kazi, kabla hujaenda wodini, utanisaidia kulitoa jikoni hadi mezani. Shika sikio hilo."

Siku ya kwanza tulilitua mara tatu njiani.

Mwezi wa kwanza nikapanda kilo moja. Nikaenda mbio jikoni. "Dada, mizani imepanda!" Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua macho. "Basi iambie hiyo mizani ikamgeuze Mwalimu."

Mwezi wa pili tulitua sufuria mara moja. Mwezi wa tatu, Metroni akiwa amesimama mlangoni, mimi na Pacha tulihesabu pale kitanda cha sita, na shuka likapanda pande zote mbili. Metroni akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka. Mwalimu akasema, "Jibu ni sahihi."

Baada ya hapo mafuta yalianza kwenda polepole, nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Leo nina kilo sabini na sita. Sikupewa cheti, na hakuna aliyepiga makofi.

Mheshimiwa Mganga Mkuu, sikulaumu, nia yako ilikuwa afya zetu na mwenye tamaa ya ushindi nilikuwa mimi. Ila mwezi ujao ukiweka mizani hapa ukumbini, nakuomba uweke na sufuria pembeni yake.

Cheti hiki nilimpelekea Bi Upawa juzi, nikamwambia ni chake. Akakigeuza mbele na nyuma. "Hiki hakipikiki," akanirudishia. Kwa hiyo nakirudisha kwako, Mheshimiwa, kilikotoka.

La mwisho. Leo asubuhi aliniita jikoni kwa mara ya mwisho, tutoe maharage mtakayokula sasa hivi. Akashika sikio lake, nikashika langu. Katikati ya njia nikahisi sufuria linaegemea kwangu, uzito unahama kidogo kidogo kutoka upande wake. Nilimtazama. Alikuwa anatazama mbele. Nilikaza mkono, tukafika mezani bila kutua.

Akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Haya. Sasa naweza kwenda nyumbani."

Dada yangu, nenda kwa amani, Mungu akupe mapumziko uliyowapa wengine. Nanyi mlionivumilia, ahsanteni kwa masikio yenu. Chakula kiko tayari, na yeye atapakuliwa wa kwanza.