Risala ya Kikosi cha Filamu, Isomwayo Juu ya Kelele za Jirani

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe Mkurugenzi na mwenye studio hii, wageni waalikwa, waigizaji na mafundi wenzetu, na wewe jirani yetu, fundi wa mageti hapo nyuma ya ukuta, usiyeweza kutusikia kwa kuwa uko kazini:

Karibu sana, Mgeni rasmi, katika ukumbi huu tunamopigia picha. Ukimwona msomaji wetu, fundi sauti, akipaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara, usidhani amekosa adabu. Anashindana na mashine ya kukatia chuma. Hafla hii ilipangwa asubuhi na mpwa wako, mtayarishaji mpya, na asubuhi, tangu zamani, ndipo jirani anapokata chuma.

TULIKOTOKA

Kikosi hiki kilikusanywa na dada yetu, mtayarishaji wa kwanza, tunayemwita Mama Ratiba. Alitufuata mmoja mmoja majumbani. Siku ulipomwondoa, ulisema mbele yetu sote: "Hashiki kamera, haigizi, haongozi. Anashika simu tu."

Maneno yale yalimchoma. Aliitikia "sawa", akakabidhi funguo, akaondoka bila kugombana na mtu. Sisi hatukuridhika, na risala hii ndiyo ugomvi wetu.

Kosa lake tunalijua. Mpwa wako alitaka kuigiza bwana harusi, Mama Ratiba akamwambia aje kwenye usaili kama wenzake. Hakuja. Wiki ile ile akapewa kiti cha Mama Ratiba.

MAFANIKIO

Ulisema anashika simu. Ni kweli, aliishika mpaka sikio likawa jekundu. Lakini akiona neno "mvua" kwenye mswada, wakati sisi tunaona uzuri wa picha, yeye alikuwa ameshaanza kuuliza maji yatatoka wapi, nguo zitakaukia wapi, na nani atakaa na mtoto wa mwigizaji anayenyonyesha. Mwongozaji na mpiga picha waliponuniana, aliwapakia gari moja kwenda kutafuta nyumba ya kupigia picha, akakaa nyuma akijifanya amelala. Walirudi wanacheka.

Na kuna habari ya jirani. Tulipohamia hapa, kila mara mwongozaji akisema "anza", mashine nayo inaanza. Tulitaka kwenda kumfokea. Mama Ratiba alikwenda peke yake, akakaa juu ya geti ambalo halijakamilika na kumsalimu vizuri.

"Nyie mnacheza," jirani akamwambia. "Mimi nakula kwa mashine hii."

"Usiizime basi," akajibu. "Niambie tu, kuna saa hukati?"

Jirani akasema baada ya chakula cha mchana huwa anapima na kupaka rangi. Mama Ratiba akarudi, akapangua ratiba nzima. Mazoezi, mavazi na taa vikawa asubuhi. Maonyesho yote ya kurekodi sauti yakawa alasiri. Siku jirani alipokuwa na geti zito, Mama Ratiba alitutuma tumsaidie kulibeba. Tulinung'unika, tukalibeba. Toka hapo, jirani akiwa na kazi ya haraka alasiri, alikuwa anakuja kuuliza kwanza.

Ule ukimya uliousifu kwenye filamu yetu ya kwanza, pale mjane anapokunja shati la marehemu, ukasema unasikia hata kitambaa, Mgeni rasmi, ni Mama Ratiba aliyetutafutia.

CHANGAMOTO

Mpwa wako alimpelekea jirani barua ya vitisho. Jirani aliisoma, akaitumia kufutia brashi, na sasa anakata chuma asubuhi na alasiri. Hatuna hata onyesho moja lenye sauti safi. Mwongozaji amependekeza tuugeuze mswada uwe wa watu wasiosema. Alikuwa anatania, lakini hakuna aliyecheka.

MAOMBI

Wenzetu wengine huomba viti, feni na gari. Sisi tuna ombi moja: Mama Ratiba arudi kazini, na jina lake litangulie kwenye filamu hii kama lilivyotangulia kwenye ile. Asiporudi, sisi hatuingii ukumbini humu kesho. Hatukutishii. Tumekuwa tukiingia na kutoka mikono mitupu, na tumechoka kuiita hiyo kazi.

Mungu akupe afya njema, akulinde wewe na jamaa zako wote, mpwa wako akiwemo. Yeye hatuna chuki naye. Aje kwenye usaili.

Sasa tunakukaribisha utoe hotuba. Kipaza sauti kimeshafunguliwa mpaka mwisho, zaidi ya hapo hakiendi. Ukitaka tukusikie, Mama Ratiba tulimwalika, naye hakujua tutasoma nini. Amekaa safu ya mwisho, karibu na mlango. Mwombe wewe mwenyewe aende kwa jirani.

Tutakusubiri.

Ni sisi,
Kikosi cha Filamu, mafundi na waigizaji wote.