Betri ya Amiri na Waliojua Zamani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mkaratusi, kwenye kona ya kushukia sokoni Lushoto, na ukungu ukikaza watu hawaachii vikombe vya kahawa. Asubuhi hiyo Amiri alikuja na barua. Ameomba hataza, ile hati ya serikali ya kusema uvumbuzi huu ni wa fulani, kwa namna yake ya kukausha kanda za ndani ya betri, zile tepe nyembamba zinazotunza umeme. Ukizifunga na unyevu, betri huvimba. Ukizikausha kwa pupa, kanda zenyewe hupasuka. Yeye huzikausha nusu, huzigandamiza zikiwa na unyevu kidogo, kisha huzimalizia betri ikikaribia kufungwa. Ofisi imemjibu: hilo ni jambo la wazi, fundi yeyote angeliona. Mpaka Ijumaa alete fundi wa betri atakayetia saini kwenye karatasi yao kwamba halikuwa wazi. Mjini hapa fundi wa betri mwenye cheti ni mmoja tu, Mosi, anayeitwa Volti, naye yupo benchini.

— Soma tena hapo pa fundi yeyote, alisema Volti.

Amiri akasoma.

— Basi hawajakosea. Hilo mimi nalijua zamani.

— Kaka, ukisema hivyo umenimaliza.

— Nakusifu bwana. Tumewaza sawa.

— Hata bibi yangu wa Kwamkoro alijua, akadakia Zuberi, aliyepewa jina la Wakili tangu atoe ushahidi kwenye kesi ya mbuzi. Majani ya chai alikuwa anayanyausha kwanza, kuyakausha baadaye. Chai na betri vina tofauti gani?

— Chai haivimbi ikapasuka, alisema Amiri.

— Bibi yako mtoto mdogo, alisema Darweshi, mstaafu wa kilimo, wenyewe humwita Profesa. Mjerumani wa shamba la Kwai, enzi za ukoloni, alianika nyasi za ng'ombe mara mbili. Nina hakika alikuwa anatafuta betri.

— Wahenga wamemtangulia huyo Mjerumani wako, Wakili akajibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa gani huo, kama si wa kanda za betri?

— Na mbayuwayu je? Anapaka tope, anangoja likauke, anaongeza. Hataza apewe mbayuwayu, Profesa akahitimisha.

Wakacheka. Amiri ilimuuma. Miaka minne alitupa kanda zilizopasuka, mbele ya macho ya watu hawa hawa, na hakuna aliyemtajia bibi wala mbayuwayu.

Akapita Rukia, muuza karoti wa Kifungilo, amebeba kitu kwenye kanga.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

Akafungua kanga. Ilikuwa betri ya taa, imetuna tumbo.

— Fundi Mosi, hii ulinitengenezea wewe, Ramadhani iliyopita. Imepatwa na nini?

— Unyevu huo, alisema Volti bila kufikiri. Ulifungiwa ndani.

— Sasa uliufungia kwa nini, na wewe fundi?

Profesa akachungulia kikombe chake, hamna kitu. Wakili akatafuta methali, asiipate. Volti aliishika ile betri muda mrefu, akaigeuzageuza, asimtazame mtu.

— Nilikuwa sijui, binti yangu, alisema mwishowe, taratibu, kisha akamnyooshea Amiri mkono. Lete hiyo karatasi.