Mwelu Nzivo Hakuugua kwa Muda Mfupi

Dada yetu Mwelu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 huko Mbooni, mtoto wa pili wa Mzee Nzivo na Mama Kaluki. Alisoma hapo nyumbani hadi darasa la saba, mwaka 1971. Hesabu aliiweza. Kunyamaza darasani kulimshinda.

Mwaka 1975 alikuja Nairobi kwa shangazi, akajifunza kushona ngozi katika soko la Kariokor. Alishona mikoba na mishipi kwa miaka kumi na tisa, na kazi yake haikufumuka.

Mwaka 1981 alifunga ndoa kanisani na Ndambuki, dereva, wakaishi mtaa wa Donholm. Mungu aliwajalia binti mmoja, Ndanu, mwaka 1984. Ndambuki alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1991.

Julai 1992, wakati wa baridi, vidole vya Mwelu vilianza kugeuka vyeupe, kisha bluu. Kila asubuhi alishika kikombe cha chai moto hadi vilegee, ndipo achukue sindano. Mteja akamuuliza, "Mama, mbona hunywi?" Akajibu, "Hii ni ya vidole. Ya tumbo inakuja."

Basi mtaani watu wakajipimia wenyewe: mume amekufa, mke anakonda, ngozi inabadilika, basi ni UKIMWI. Jamani! Katika chama cha akina mama alitengewa kikombe chake. Watoto wakakatazwa kucheza na Ndanu. Iliniuma mimi Kiema, mdogo wake, na bado inaniuma.

Mwaka 1994 daktari alitueleza mimi na Mwelu, waziwazi. "Mama, huu unaitwa skleroderma. Hauambukizi. Ngozi inakaza, mishipa midogo ya damu inabana, na vipimo vinaonyesha damu yako inaganda humo ndani." Alipewa dawa za kuzuia damu isigande. Hata hivyo vidole viwili vilikufa, vikakatwa mwaka 1995, na kazi ya sindano ikaishia hapo.

Alifariki Jumanne, tarehe 13 Agosti 1996, hospitalini. Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa pafu.

Mnajua tunavyoandika kwenye hizi karatasi za mazishi: "aliugua kwa muda mfupi." Mwelu alinikataza akiwa kitandani. "Kiema, usithubutu. Taja jina la ugonjwa. Ukilificha, wataendelea kumkimbia mtoto wangu." Nikamwambia watu watanung'unika. Akasema, "Wanung'unike, lakini wawe wamesikia."

Mwelu ameacha Mama Kaluki, mimi mdogo wake, na binti yake Ndanu, ambaye kuanzia leo ni mtoto wa nyumba yangu na mke wangu Muhonja.

Ndanu ndiye huyu aliyesimama kulia kwangu. Mkimaliza kutia udongo, msipite nyuma yake. Piteni mbele, mmoja mmoja, mmpe mkono.

Dada, wamesikia. Sasa pumzika.