Bi Nurini, Aliyezichunga Lahani za Ayalandi Matrah

Ndugu, jamaa na majirani mliovuka kwa mashua kuja katika ghuba hii ya makaburi kumsindikiza mpendwa wetu, ahsanteni. Haya ni maisha ya marehemu Nóirín Hanrahan, mke wa Daktari Amur bin Thani, ambaye kuanzia Malindi ya Unguja mpaka Matrah watu walimwita Bi Nurini. Yameandikwa, na leo tarehe 12 Oktoba 1970 yanasomwa, na wifi yake, Masouda binti Thani.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1926 katika kijiji cha Quilty, jimbo la Clare, magharibi ya Ayalandi, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Mortimer na Bi Delia Hanrahan. Babake alikuwa mvuvi na mchumaji mwani, na jioni alikuwa mpiga fidla. Bibi yake mzaa mama hakukubali kusemeshwa kwa Kiingereza ndani ya nyumba yake. Ukitaka chakula, uombe kwa Kiayalandi, au ulale njaa. Marehemu alipenda kusema kwamba alijifunza lugha ya wazee wake kwa tumbo kwanza, moyo ukafuata.

Alisoma skuli ya hapo kijijini, kisha kwa masista katika mji wa Ennis, na mwaka 1944 akaingia chuo cha uuguzi Dublin. Alihitimu mwaka 1948 na akabaki kufanya kazi huko huko. Katika hospitali aliyokuwako, mwaka 1951, alifika kijana wa Kiunguja kumalizia masomo ya udaktari. Huyo ndiye Amur, kaka yake Masouda. Siku moja Amur alisikia fidla ikilia ndani ya bweni la wauguzi, akasimama chini ya dirisha. Aliposhuka mpigaji, Amur akamwambia kwa adabu kwamba kwao pia fidla hupigwa, lakini hupigwa na watu waliojifunza. Nurini akamjibu kwamba kwao pia wapo madaktari, lakini huwa na kazi za kufanya. Walifunga ndoa Unguja tarehe 12 Septemba 1953. Alibaki na dini yake, kwa makubaliano na kwa heshima ya pande zote mbili, na hakuna aliyewahi kumwona akila hadharani mwezi wa Ramadhani.

Kiswahili alijifunza kwa ujasiri. Mwezi wa kwanza alitaka kumsifu mama mkwe kwa kanga mpya, kwamba imemfaa. Akamwambia mbele ya wageni, "Mama, kanga yako imekufa sana." Mama akaitazama kanga, akasema, "Basi nipe rukhsa, mwanangu, nikaizike." Wakacheka mpaka kahawa ikapoa, na tangu siku hiyo walikuwa mtu na bintiye.

Walijaaliwa watoto wawili, Muhsina mwaka 1955 na Mahfoudh mwaka 1958. Yaliyotokea Unguja Januari ya 1964 kila mmoja hapa anayajua kwa namna yake, na leo si siku ya kuyarudia. Familia, pamoja na Masouda, ilitoka na sanduku moja na fidla. Walikaa Mombasa zaidi ya mwaka, na tarehe 9 Mei 1965 wakashuka Maskati kwa dhamana ya jamaa. Amur akaajiriwa zahanati ya kambi ya kampuni ya mafuta kule Saih al-Malih. Marehemu akawa mkunga wa mitaa ya Matrah, mji wa bandari jirani na Maskati tulikokaa, na wengi waliosimama hapa na watoto wao mikononi wanaijua mikono yake.

Kambini kwa akina Amur walikuwako Waayalandi wachache, wanaume wa mitambo na wake zao. Kuanzia mwaka 1967, kila Ijumaa baada ya Alasiri, marehemu aliwakusanya nyumbani kwake. Madirisha yalifungwa, mazulia yakatundikwa milangoni, kwa sababu siku zile muziki haukuruhusiwa kusikika barabarani. Ndani humo watoto wao, na wa majirani pia, walifunzwa kucheza dansi za Ayalandi, kuhesabu na kuamkiana kwa Kiayalandi. Kila tarehe mosi Februari walisuka kwa ukindu ule msalaba wa mtakatifu wao Brigid, ambao kwao husukwa kwa majani ya kinamasi. Amur mwenyewe hakukaa humo. Yeye fidla zikianza alikwenda barazani kwa rafiki zake, akisema sikio lake limeumbwa kwa kusikiliza vifua vya wagonjwa tu.

Mkubwa wa kundi hilo alikuwa Bwana Tadhg Lenihan, fundi wa mitambo, mpiga filimbi ya mti. Bwana Lenihan alikuwa na lahani moja aliyoachiwa na bibi yake. Bibi aliitunga mwenyewe baada ya kufiwa na wanawe wawili baharini, na haikupata kuandikwa wala kupigwa na mtu wa nje. Hakuwa na mke wala mtoto. Kila marehemu alipomwomba amfunze, alijibu, "Ijumaa ijayo, Nóirín."

Januari ya 1969 ikaingia homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima, ile iliyoitwa ya Hong Kong. Ilianza bandarini, ikapanda mitaani, na kufika kambini ikalaza watu chumba kwa chumba. Kampuni ikafunga lango la kambi, asiingie mtu wala asitoke ila daktari. Ijumaa za Waayalandi zikakoma. Marehemu hakukubali zife. Alimtuma Amur kwa kila nyumba ya kambini na ujumbe mmoja: kila nyumba ishike lahani moja, iipige peke yake kila siku, na watoto wasiache kuhesabu. "Tukifunguliwa," alisema, "kila mtu atakuja na chake, na hapatapungua kitu."

Lahani ya Bwana Lenihan tu haikuwa na nyumba ya kuishika. Na wiki ya pili Amur alirudi na khabari kwamba mzee huyo ameshikwa, kifua kimejaa, na huenda asione mwisho wa mwezi. Siku hiyo hiyo Muhsina naye alipandwa na homa. Mabishano yaliyofuata wifi yake aliyasikia, kwa kuwa alikuwa chumba cha pili akimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji.

"Chukua mashine ya tepu," marehemu alisema. "Mwekee karibu na mdomo. Mwambie Nóirín anaiomba ile ya bibi yake."

"Mtoto wako anaungua kwa homa, nawe unafikiria fidla?"

"Mtoto nitamuuguza mie usiku na mchana. Yule mzee lango limefungwa, nitamuuguza vipi? Hiki ndicho nnachoweza kumfanyia."

"Na askari wa lango la mji wakiifungua? Sisi hapa ni wa dhamana, Nurini. Wakitutoa twende wapi? Unguja? Iliyobaki ni bahari."

Marehemu akasema polepole, "Unguja tuliacha nyumba, tukaacha kitanda, tukaacha kaburi la baba yako. Sikusema neno. Nnakuomba hiki kimoja kisiachwe."

Asubuhi Amur aliondoka na mashine ndani ya mkoba wa dawa.

Bwana Lenihan hakuwa na pumzi ya kupuliza filimbi. Akaimba kwa mdomo mtupu, bila maneno, kama wanavyofanya wazee wao wakikosa ala. Aliimba kipande, akakohoa, akaimba kingine, na Amur amekaa kitandani akiishika mashine kwa mkono mmoja na mshipa wa mgonjwa kwa mkono wa pili. Mzee aliirudia yote mara tatu, kisha akafumba macho na kusema, "Basi. Sasa ni yake."

Wakati wa kurudi, kwenye lango la Matrah, askari aliyeitwa Bakhit akauona mkoba umevimba. Akautoa mzigo, akabonyeza hapa na pale, na sauti ya mzee ikatoka.

"Nini hiki?"

"Mgonjwa anapumua," Amur alisema.

Bakhit akasikiliza kidogo. "Anapumua kwa mahadhi?"

Bakhit akaizima mashine, akaiweka nyuma yake, akamwambia Jumamosi afike mbele ya mkubwa wake ajieleze, na ajue kwamba watu wa dhamana wakivunja amri hupandishwa meli.

Toka langoni mpaka nyumbani ni vichochoro tu. Amur, mtu ambaye hakuwahi hata kupiga mluzi, alivipita akiimba chini ya pumzi yake, lahani ile ile, akichelea kukutana na mtu wa kumsalimia. Sleyum muuza halwa alimsalimia. Amur akapita bila ya kumjibu, na Sleyum alinuna kwa muda mrefu. Amur alipanda ngazi za nyumbani bila ya kuvua viatu. Marehemu akatoka mlangoni kumuuliza khabari.

"Usinisemeshe!" Amur alimkata. "Chukua fidla!"

Marehemu aliuona uso wake, asiulize hata mashine iko wapi. Akachukua fidla. Amur akasimama katikati ya chumba, amefumba macho, jasho likimtoka katika baridi ya Januari, akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, na hakuna haja ya kuficha. Marehemu akamfuata kwa upinde kipande kwa kipande, taratibu kabisa, wenye kupita nje wasisikie. Kipande cha kwanza kikaingia. Cha pili kikampotea Amur. Akakiimba hivi, akakiimba vile, akapiga paja lake, akasema, "Kilishuka hapa. Wallahi kilishuka, au kilipanda?" Chumba cha pili Muhsina alikuwa akiweweseka na kumwita mamake. Marehemu aligeuza shingo kule. Wifi yake akamwambia kutoka mlangoni, "Maliza, nnaye mie." Akamaliza. Aliipiga yote mara moja, akaiweka fidla juu ya mto, akaenda kwa mwanawe, na hakutoka chumbani humo mpaka asubuhi.

Usiku ule homa ya Muhsina ilipanda mpaka Amur akaacha kuipima. Alfajiri ikashuka. Jumamosi Amur alikwenda kuitika wito, na marehemu alikuwa amekwisha kulifunga lile sanduku moja, ameliweka ukumbini. Alirejea adhuhuri. Mkubwa yule alikuwa na wagonjwa watatu nyumbani kwake, na madaktari mjini si wengi. Amur alionywa vikali, mashine haikurudi, na sanduku likafunguliwa.

Bwana Lenihan alipona, wasiotegemea wakashangaa. Kambi ikafunguliwa, na Ijumaa ya tarehe 21 Machi 1969 watu walirudi Matrah, kila nyumba na lahani yake, kama walivyoagizwa. Wake walikuwa wamekonda na wanaume wawili hawakuweza kukaa bila ya mto mgongoni, lakini haikupungua lahani hata moja, na watoto walihesabu kwa sauti mpaka Masouda akawakumbusha kwamba barabarani wanasikika. Mwisho marehemu alipiga ile ya bibi yake Bwana Lenihan. Amur, kwa mara ya kwanza, hakwenda barazani. Alikaa karibu na mlango akiyatazama mazulia.

Bwana Lenihan alisikiliza mpaka mwisho. 

"Kipande cha pili si cha bibi yangu," alisema. "Hicho ni cha daktari."

Marehemu alitaka arekebishe pale pale. Mzee akamzuia kwa mkono. "Kiache. Bibi yangu alilia kwa ajili ya watu wa baharini. Nyinyi pia mmepita baharini."

Marehemu mwenyewe alikuwa amekwisha kushikwa na homa ile mwisho wa Februari, baada ya kuwauguza wengine wote. Alinyanyuka, lakini moyo wake haukurudi kama ulivyokuwa. Alizidi kuzalisha wanawake wa Matrah akipumzika kila ngazi ya tatu, na Ijumaa zake hazikukosa. Mwaka huu, alipoingia Sultani mpya, mji ukafunguka na watu wakaweza kusikiliza redio milangoni, alifungua madirisha yake mara moja tu, kwani mwezi wa Septemba alilala na hakuamka tena vizuri. Siku zake za mwisho Muhsina alimpigia fidla kando ya kitanda, na yeye akimsahihisha kwa kidole. Alifariki dunia Jumapili tarehe 11 Oktoba 1970, saa kumi alasiri, mkono wake umeshikwa na mumewe. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na minne.

Siku mbili kabla hajafa, wifi yake alimuuliza kama ana wasia. Alifikiri, akasema, "Msinililie kwa Kiingereza. Kiingereza nilikijua kwa ajili ya kazi. Nililieni kwa Kiayalandi, au kwa Kiswahili, mie nitasikia." Kwa hiyo haya yamesomwa kwa Kiswahili, na baada yake Bwana Lenihan, ambaye yupo nasi, atamwombea kwa lugha yao.

Marehemu ameacha mume, Daktari Amur bin Thani. Watoto wawili, Muhsina na Mahfoudh. Wifi yake, Masouda. Dada yake, Bi Attracta, kule Quilty. Kaka wawili Marekani. Wanawe wa mikononi wasiohesabika katika kila mtaa wa Matrah. Na watoto wa majirani wanaohesabu mpaka ishirini kwa lugha ambayo hawajui jina lake.

Mungu amlaze mahali pema, Nurini wetu, na amani isimwondokee.