Diski Iliyogoma Chumba cha Picha

Juni 30 mwaka huu Bw. Elihuruma Palangyo anastaafu, akiwa ameitumikia hospitali yetu miaka thelathini na moja. Alianza kama fundi umeme, akahamia kompyuta zilipoletwa zile mbili za kwanza, na leo hakuna mashine hapa ambayo hajaifungua.

Wote tunazijua diski zake. Badala ya kupiga window, yaani kuweka upya mfumo wa kompyuta, kisha kuhangaika na programu moja moja, alitengeneza diski ya hospitali yenye kila kitu ndani. Ila alikuwa king'ang'anizi hasa: ukishachoma nakala, unakaa robo saa mashine iikague, ndipo uandike "Imekaguliwa" kwa kalamu nyekundu. Tulimcheka sana. Tulisema mzee huyu angekagua hata chai ya kantini.

Halafu ikaja ile Jumanne ya mwaka 2017. Lengai, dereva wa bodaboda, aliletwa kutoka Ngarenaro hajitambui, damu inavuja ndani ya kichwa. Daktari Kandida alihitaji picha ya CT ajue apasue wapi. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ya picha ikagoma kuwaka window. Mashine nyingine ya CT ilikuwa Moshi, na mgonjwa asingefika hai.

Bw. Palangyo akatia diski ya akiba. Ilipofika asilimia sitini na mbili ikasimama: kuna faili halisomeki. Akaifuta, akarudia, ikasimama palepale. Akabadilisha kisomeo cha diski, akabadilisha memori, wapi! Ndipo akailinganisha na nakala mama iliyo kwenye kompyuta yake, akakuta faili moja limeingia nusu. Akachoma diski nyingine, polepole. Daktari akamsihi aruke ukaguzi. Mzee hakuinuka kitini.

"Ikigoma tena, daktari, tumempoteza," alisema.

Nashipae, mke wa Lengai, alikuwa ameketi sakafuni mlangoni akiomba kwa Kimaasai. Robo saa ile sitaisahau.

Diski ikapita ukaguzi, kompyuta ikawaka, picha ikatokea. Lengai yu hai, na kila Krismasi analeta maziwa idarani kwetu.

Kwenye kikao cha kuchunguza tukio hilo, mganga mkuu aliuliza nani aliandika "Imekaguliwa" kwenye diski mbovu. Bw. Palangyo akajibu, "Ni mimi." Akapewa barua ya onyo, na imo kwenye jalada lake mpaka leo.

Hakuwa yeye. Nilikuwa mimi, Anneth, nikiwa bado kwenye majaribio ya kazi. Nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya Moshono, nikaandika bila kukagua. Aliujua mwandiko wangu, lakini hakumwambia mtu. Kesho yake alinikabidhi kalamu nyekundu, akaniambia nikae nikague, basi. Nami nimenyamaza miaka yote hii, na aibu hiyo ni yangu.

Leo asubuhi nimempelekea mganga mkuu barua, nikiomba lile onyo lihamishiwe kwenye jalada langu kabla mzee hajakabidhi funguo.

Mzee Palangyo, asante. Nenda nyumbani kwako Akheri ukatunze migomba yako. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na usingizi mzuri. Jalada lako liondoke safi kama ulivyo.